Maneno ya kompyuta yametoka wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara darasani kwetu Lamu

Nafundisha kompyuta katika chumba cha ghorofani mtaa wa Langoni, juu ya uchochoro ambao punda wawili wenye mizigo hawapishani. Wanafunzi wangu ni wa kila namna: wasichana waliomaliza kidato cha nne, vijana wa mashua za watalii, mafundi wa kuchonga milango, na siku hizi wazee wanaotaka kuwaandikia watoto wao walioko Uarabuni. Nimeona kwamba mtu akishajua neno limetoka wapi, halimtishi tena. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila muhula, na majibu ninayoyatoa.

"Barua" tunaijua. Hiyo "pepe" ni nini?

Wengi hulisikia ndani yake upepo, na mimi nawafundisha hivyo hivyo. Lina jamaa wengi: upepo, kupepea, kupepeta, pepeo. Bendera inapepea, mchele unapepetwa, na barua hii nayo inakwenda bila ya kubebwa na mtu. Waliolitunga walikuwa na sikio zuri. Wangeweza kutafsiri neno kwa neno wakapata "barua ya umeme", neno ambalo mtu analisema mara moja tu kisha analitupa.

"Barua" yenyewe tuliipata kwa Waarabu, ambao leo barua ya kawaida huiita risala. Sisi risala tukaifanya ile hotuba inayosomwa mbele ya mgeni wa heshima. Neno likishavuka bahari huwa limepata kwao pengine, wala halirudi.

Wale wanaodhani barua ni jambo geni kwetu nawapeleka jumba la posta ya Wajerumani, hapa hapa mjini, ambalo sasa ni makumbusho. Wajerumani waliendesha posta Lamu kuanzia mwaka 1888 hadi 1891. Na kabla ya posta yoyote, barua zilikuwa zikienda na manahodha, zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, zikianza "Ila jenabi", yaani "kwa mheshimiwa". Ukifungua barua pepe mpya leo, mstari wa kwanza unakuuliza jambo lile lile: inakwenda kwa nani?

Mwalimu, "log" kwa Kiingereza si ni gogo? Mbona kuingia kwenye akaunti kuna gogo ndani yake?

Swali hili aliniuliza baba mmoja wa Matondoni, nahodha wa jahazi tangu ujana wake, na jibu alikuwa nalo yeye mwenyewe bila ya kujua.

Mabaharia wa Ulaya wa zamani walipotaka kujua mwendo wa chombo, walitupa majini kipande cha ubao kilichofungwa kamba yenye mafundo. Chombo kikisonga mbele, ubao unabaki nyuma na kamba inafunguka. Mtu anahesabu mafundo yanayompita mkononi mpaka mchanga wa kwenye kichupa umalizike kuteremka. Ndiyo maana mpaka leo mwendo wa meli huhesabiwa kwa mafundo. Hesabu ile ikaandikwa katika daftari la safari, na daftari likarithi jina la lile gogo.

Nilipofika hapo, baba yule akaweka mkono mezani akasema: "Hiyo ni batli, mwanangu." Ndiyo hasa. Kutia batli ni kutupa kile kipimo baharini, na daftari lake ni chuo cha batli. Kiswahili kilikuwa na neno hili kabla ya kompyuta ya kwanza kuwashwa.

Sasa tuje kwenye mashine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT huko Marekani, kompyuta moja ilianza kutumiwa na watu wengi kwa pamoja, kila mmoja na mtambo wake wa kuandikia. Ikabidi kila anayeingia ajulikane ni nani na ameingia saa ngapi, kama vile nahodha anavyoandika ametoka bandari gani na lini. Kuingia kukaitwa kujiandika batlini. Neno la siri nalo lilizaliwa kwenye mashine hiyo hiyo, kwa sababu watu waliotumia chombo kimoja walitaka kila mtu awe na kasha lake na kufuli yake.

Kuna tukio ambalo silichoki kulisimulia. Tarehe 29 Oktoba 1969, saa nne na nusu usiku, mwanafunzi aitwaye Charley Kline alikaa mbele ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Alitaka kutuma neno kwa kompyuta nyingine iliyokuwa mamia ya kilomita kaskazini, kupitia mtandao mpya ulioitwa ARPANET. Neno lenyewe lilikuwa "LOGIN". Akabonyeza L, ikafika. Akabonyeza O, ikafika. Alipobonyeza G, mashine ya upande wa pili ikazimika. Saa moja hivi baadaye walifanikiwa. Kwa hiyo neno la kwanza kupita katika mtandao ule ambao intaneti ilitokana nao lilikuwa neno la mabaharia, na lilivunjika njiani kama chombo kilichopanda mwamba.

Na "saiba" je? Kila mtu anasema "naenda saiba", hakuna anayejua maana yake.

Nalo ni la baharini! Wagiriki wa kale walimwita mshika sukani kybernetes. Mwaka 1948 mtaalamu wa hisabati wa Marekani, Norbert Wiener, alilichukua neno hilo kuita elimu ya jinsi mashine na viumbe vinavyojiongoza. Alifikiria mtu wa sukani: chombo kikienda kushoto anarudisha kulia, kikizidi kulia anarudisha tena, macho yake hayaondoki mbele. Mwaka 1982 mwandishi mmoja wa hadithi za kubuni akakata kipande cha mwanzo cha neno lile, akakiunganisha na neno la "nafasi", na kuanzia hapo kila kilichohusu kompyuta kikabandikwa "saiba". Huku kwetu kikabaki kuwa duka la kuchapisha fomu na kulipia huduma za serikali. Ukimwambia kijana anayeendesha saiba pale mbele ya ngome kwamba jina la kazi yake maana yake ni mshika sukani, utaona anavyokaa sawa kitini.

Ile alama ya @ ni ya nini, na tuiiteje?

Hapa naomba mtulie, maana jibu ni refu.

Kwanza itazame mahali ulipoizoea. Chukua stakabadhi ya duka la jumla, utakuta "sukari kilo 10 @ 160". Maana yake kila kilo ni shilingi 160. Wafanyabiashara wa Ulaya waliitumia alama hii karne nyingi kabla ya kompyuta. Ipo katika barua ya mwaka 1536 ya mfanyabiashara wa Florence aliyekuwa akiandika kutoka Seville, na pale ilikuwa kipimo cha mtungi wa mvinyo.

Wahispania na Wareno huiita arroba. Arroba ni kipimo chao cha uzito, na jina wamelichukua kutoka Kiarabu: ar-rub', robo. Hiyo hiyo robo yetu! Robo unayomwambia muuza nyama, robo saa, robo kilo, na ile alama katika anwani ya barua pepe ya Mreno, ni watoto wa neno moja. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, mabaharia wake walipima vitu kwa arroba, na bila shaka sokoni Malindi kulikuwa na watu waliojua Kiarabu vizuri kuliko wao. Nikifundisha jambo hili husimama kidogo, nikawaacha wanafunzi walitafune.

Aliyeiingiza katika barua pepe ni Ray Tomlinson, mwaka 1971, akiwa katika kampuni ya BBN mjini Cambridge, Massachusetts. Tayari watu waliotumia kompyuta moja walikuwa wakiachiana ujumbe. Yeye alitaka ujumbe uvuke kutoka kompyuta hadi kompyuta, kwa hiyo alihitaji alama ya kutenga jina la mtu na jina la mashine anakopatikana. Akaangalia vibonye vyake, akachagua ile ambayo haimo katika jina la mtu yeyote, na ambayo kwa Kiingereza husomwa kama neno la kuonyesha mahali. Ujumbe wake wa kwanza ulikwenda baina ya mashine mbili zilizokuwa ubavu kwa ubavu chumbani, na baadaye mwenyewe hakukumbuka aliandika nini.

Ulimwenguni kila watu wameitazama alama hii wakaona mnyama wao. Waitaliano wameona konokono, Warusi mbwa, Waholanzi mkia wa nyani, Wagiriki kifaranga cha bata. Sisi tumezoea kuisema kwa Kiingereza, "at". Mimi ningependa tuiite robo, na darasani kwangu ndivyo tunavyoiita.

Intaneti, mtandao, wavuti: ni kitu kimoja?

Katika mazungumzo, ndiyo. Kwa mafundi, hapana.

Intaneti ni mitandao iliyounganishwa na mitandao mingine. Neno la Kiingereza lilikuwa refu, likafupishwa, na katika maandishi ya kiufundi linaonekana tangu Desemba 1974. Wavuti, au ukipenda mtandao wa kurasa, ni zile kurasa zinazoshikana kwa viungo, ambazo Tim Berners-Lee alizipendekeza mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Geneva. Kurasa hizo husafiri juu ya intaneti, kama vile jahazi linavyosafiri juu ya bahari. Barua pepe ni jahazi jingine juu ya bahari hiyo hiyo, tena ni kongwe zaidi.

"Mtandao" limetokana na kutanda, na "wavuti" limeuchukua wavu waziwazi. Wavuvi wangu wa Shela hawasumbuliwi na somo hili hata kidogo. Wanajua kwamba jarife likikatika jicho moja, macho mengine bado yanashika. Intaneti imejengwa hivyo: njia moja ikifungwa, ujumbe unatafuta nyingine.

Nachanganya kupakia na kupakua. Nitakumbukaje?

Nenda gatini asubuhi. Simiti inapakiwa chomboni: inatoka kwako, inakwenda. Kisha rudi nyumbani adhuhuri. Pilau linapakuliwa: linatoka chunguni, linakuja sahanini kwako. Picha unayoipeleka mtandaoni umeipakia, faili unalolileta kwenye simu yako umelipakua. Wanafunzi wa kike hawakosei tena baada ya mfano wa chungu.

Katika jamaa hiyo liko pia kuvinjari, ambalo ni kuzunguka ukipiga doria. Kivinjari ni ile programu inayokuzungusha kwenye kurasa.

Data zinaponunuliwa ni "bando". Kumbe mafundi wanasema "pakiti". Ipi ni ipi?

Bando ni biashara, yaani fungu ulilolipia, na wenzetu wa Tanzania huliita kifurushi. Pakiti ni ufundi. Ujumbe wako hauendi mzima. Hukatwa vipande vidogo, kila kimoja kina anwani yake, vikapita njia mbalimbali na kupangwa upya vikifika. Jina la "pakiti" lilichaguliwa na Donald Davies wa Uingereza, katikati ya miaka ya 1960. Alimwendea kwanza mtaalamu wa lugha ili ahakikishe kwamba neno litaingia bila taabu katika lugha nyingine. Namheshimu sana kwa hilo. Na kweli, pakiti ya maziwa iko kila duka la Mkomani, nami silazimiki kulieleza.

Herufi "Cc" ni kifupi cha nini?

Ni nakala ya kaboni. Waliofanya kazi ofisini zama za taipureta wanakumbuka ile karatasi nyeusi iliyowekwa baina ya karatasi mbili nyeupe. Ukipiga herufi moja unapata mbili, na vidole vyeusi. Chini ya barua za ofisi huandikwa "Nakala kwa", na ndiyo maana yake. Ile yenye B mbele ni nakala ya siri, ambayo wengine hawaioni kwamba imetumwa. Itumieni kwa uangalifu.

Barua taka zinaitwa "spam". Mama alisema hilo ni jina la nyama.

Mama amesema kweli. Ni nyama ya nguruwe ya kopo iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1937. Mwaka 1970 wachekeshaji wa Uingereza waliigiza mkahawa ambao kila chakula kina nyama hiyo, utake usitake, na jina likarudiwa mpaka mazungumzo yakazama. Watu wa kompyuta walipoanza kurushiwa ujumbe usiotakiwa, tena na tena, wakaikumbuka mikelele ile.

Tangazo la kwanza la namna hiyo lilitumwa mapema zaidi ya jina lake: tarehe 3 Mei 1978, muuzaji wa kompyuta, Gary Thuerk, aliwatumia watu wapatao 400 wa ARPANET kwa mpigo. Walikasirika sana. Mimi nafurahi Kiswahili kilichagua "taka". Neno linajieleza, na hakuna anayelazimika kulitaja kopo lile.

Katika mtihani niandike "tarakilishi" au "kompyuta"?

Andika tarakilishi kwenye insha, sema kompyuta dukani, wala usione haya kwa lolote kati ya hayo mawili. Tarakilishi limefinyangwa kwa tarakimu na akili. Tanzania waliwahi kupendekeza ngamizi, lakini watu wakashikamana na kompyuta.

Linalonigusa mimi ni kwamba hata kwa Kiingereza neno "computer" lilikuwa la mtu. Alikuwa karani wa hesabu anayekaa mezani na kalamu kuanzia asubuhi. Wengi walikuwa wanawake. Katherine Johnson, mama Mmarekani mweusi, alikuwa miongoni mwao. Mwaka 1962, kabla ya John Glenn kurushwa kuizunguka dunia, Glenn alitaka hesabu za mashine zikaguliwe kwanza na mama yule kwa mkono. Wasichana wa darasa langu huliandika jina hili bila ya kuambiwa.

Kwa nini kipanya?

Kwa sababu ya mkia. Kile cha kwanza, kilichotengenezwa California mwaka 1964 katika maabara ya Douglas Engelbart, kilikuwa kibweta cha mbao chenye magurudumu mawili chini na waya ukining'inia. Mafundi wetu wa kuchonga hupenda kusikia kwamba kilikuwa cha mbao.

Virusi vya kompyuta: moja ni "virusi" au "kirusi"?

Kirusi kimoja, virusi viwili. Neno hili ni la Kilatini, maana yake sumu, wala halikuwa na kiambishi chochote. Kiswahili kimesikia "vi-" mwanzoni kikasema huu ni wingi, basi umoja wake ni "ki-". Kitabu tulikifanya vivyo hivyo: Kiarabu ni kitab, kipande kimoja, sisi tukakigawa kikazaa vitabu. Anayesema kwamba lugha yetu inapokea tu bila ya kufanya kazi na akitazame kirusi.

Emoji inatokana na neno la Kiingereza la hisia, sivyo?

Sivyo. Ni Kijapani: "e" ni picha, "moji" ni herufi. Kufanana kwake na neno la Kiingereza ni sadfa. Seti maarufu ya picha 176 ilitolewa na kampuni ya simu ya DoCoMo mwaka 1999, imechorwa na Shigetaka Kurita. Kabla yake, mwaka 1982, Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alipendekeza nukta pacha, kistari na mabano viwe uso unaocheka, ili msomaji ajue kwamba huo ni utani.

Bluetooth na Wi-Fi?

Bluetooth ni lakabu ya mfalme Harald wa Denmark, wa karne ya 10, aliyewaunganisha watu wake. Wi-Fi halina kirefu chochote. Lilibuniwa kama jina la biashara mwaka 1999, na wanaokwambia kirefu chake wameambiwa na wengine.

Meseji, ujumbe mfupi au arafa?

Yote ni sawa. Meseji ya kwanza kwenda kwenye simu ya mkononi ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ikiwa ni salamu za Krismasi. Arafa nalipenda kwa sababu ya ukoo wake: arifu, arifa, taarifa, maarifa, yote yametokana na mzizi wa Kiarabu wa kujua. Na "simu" tuliipata kwa Waajemi, kwao ni waya. Leo simu haina waya hata mmoja, jina limebaki.

Je, kuna neno letu lililokwenda kwao?

Yapo. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la baharini Ngomeni, karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ikaitwa Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wetu. Mwaka 2008 vijana wa Kenya walitengeneza programu ya kukusanya taarifa za ghasia kwa simu na kuziweka kwenye ramani, wakaiita Ushahidi, na imetumika katika nchi nyingi. Na kivinjari cha Apple, kwenye kompyuta zake tangu mwaka 2003 na baadaye kwenye simu zake, kinaitwa Safari.

Baba yule wa Matondoni alikiona kwenye simu aliyoletewa na mwanawe kutoka Dubai. Akanisomea jina polepole, akauliza kama neno hilo ni letu. Nikamwambia ni letu, na kabla yetu la Waarabu. Akaweka kidole, akakifungua.